Hoja ya Ulinganifu katika Kukokotoa Uga wa Umeme: Historia Yake na Mahali Pake katika Kiswahili cha Sayansi

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya hoja moja ya fizikia, ile inayotumia ulinganifu wa mpangilio wa chaji ili kupata uga wa umeme bila hesabu ndefu. Tunaanza na Newton mwaka 1687, tunapitia kwa Priestley, Cavendish, Faraday, Gauss na Maxwell, na kufika kwa Pierre Curie mwaka 1894. Tunadai kuwa hoja hii ni ya maneno kabla ya kuwa ya namba, na kwamba kwa sababu hiyo lugha inayoifundisha katika nchi zetu si jambo la pembeni. Uzito tumeuweka kwenye vitenzi na sentensi za masharti kuliko kwenye orodha za istilahi.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayeanza kusoma umeme tuli hukutana mapema na kifungu kifupi kinachobeba mzigo mkubwa: kwa sababu ya ulinganifu. Kitabu kinamwambia kuwa upo waya mrefu ulionyooka, wenye chaji iliyosambaa sawasawa. Kisha, kwa sababu ya ulinganifu, uga wa umeme unaelekea nje moja kwa moja kutoka kwenye waya. Mstari unaofuata ni jibu. Kazi ambayo ingejaza ukurasa mzima wa kujumlisha michango ya vipande vidogo vya waya imekwisha kwa maneno manne. Mwalimu akiulizwa ni nini hasa kimetokea hapo, mara nyingi hukirudia kifungu kilekile, safari hii kwa sauti kubwa zaidi.

Huenda msomaji wa kongamano la Kiswahili akajiuliza jambo hili linamhusu nini mwanaisimu. Jibu letu ni hili. Sehemu kubwa ya fizikia husafiri kutoka lugha moja hadi nyingine bila taabu, kwa kuwa imeandikwa kwa alama. Mlinganyo alionao mwanafunzi wa Kigali kwa Kiingereza ndio alionao mwenzake wa Bujumbura au Lubumbashi kwa Kifaransa, na hakuna mfasiri anayehitajika kati yao. Hoja ya ulinganifu haiko hivyo. Haina alama, ni sentensi kadhaa zinazofuatana, kila moja ikitegemea iliyotangulia, na asiyeweza kuzisema hawezi kuzifanya. Kwa hiyo historia yake ni historia ya namna watu walivyojifunza kusema jambo fulani, na hapo mtafiti wa lugha ana neno la kuchangia.

2.0 Kopo la Franklin na tufe la Cavendish

Mzizi wa hoja hii haumo katika umeme. Umo katika mvutano wa mata. Katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1687, Isaac Newton alithibitisha kwamba ganda la tufe lenye unene ulio sawa pande zote halikivuti kabisa kitu kilichomo ndani yake, popote pale kilipo ndani. Kitu kikiwa katikati kabisa jambo hilo halishangazi mtu. Kikiwa pembeni, karibu na ukuta mmoja, akili hukataa: vipi ukuta ulio karibu usimshinde ulio mbali?

Newton alijibu kwa kuchora pia mbili nyembamba zinazotazamana, ncha zao zikikutana mahali kilipo kitu. Pia moja inakata kipande kidogo cha ukuta wa karibu. Nyingine inakata kipande kikubwa cha ukuta wa mbali. Ukuta wa mbali ukiwa mara tatu ya umbali wa ule wa karibu, kipande chake kitakuwa na eneo mara tisa. Lakini kwa kuwa nguvu hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, kila sehemu ya kipande hicho huvuta kwa moja ya tisa tu. Tisa mara moja ya tisa ni moja. Vipande viwili vinavutana sare. Kuna kiungo kimoja ambacho wasomaji wengi hukiruka: hesabu hii inakubali kwa sababu mstari unaopita ndani ya tufe hulikata ganda kwa pembe ileile katika ncha zake zote mbili. Umbo jingine lingekuwa na pembe tofauti, na sare ingevunjika. Hapo ndipo ulinganifu wa tufe unapofanya kazi, kimyakimya.

Karibu miaka sabini baadaye, katika miaka ya 1750, Benjamin Franklin aliteremsha kipande cha koki, kilichofungwa kwa uzi wa hariri, ndani ya kopo la fedha lililotiwa umeme. Koki haikuvutwa na kuta za ndani, ingawa nje ilivutwa vizuri. Franklin hakuwa na maelezo, akamwomba rafiki yake Joseph Priestley alichunguze jambo hilo. Priestley alilirudia jaribio mwishoni mwa mwaka 1766, na katika kitabu chake cha historia ya umeme cha mwaka 1767 akaandika dokezo lililobadili mkondo wa mambo: ikiwa ndani ya chombo hakuna mvuto, je, si haki kuhitimisha kuwa nguvu ya umeme inafuata kanuni ileile ya mvutano wa Newton?

Dokezo hili husifiwa mno, na linastahili sifa, lakini lina nyufa mbili ambazo historia za vitabu vya shule huzifunika. Kwanza, Newton alithibitisha kwamba kanuni ya kipeo cha pili huzaa utupu wa nguvu ndani ya tufe. Priestley aligeuza safari, akatoka kwenye utupu kwenda kwenye kanuni. Njia ya kwenda si lazima iwe njia ya kurudi. Pili, kopo si tufe. Ndani ya kopo la metali nguvu hukosekana kwa sababu chaji zina uhuru wa kutembea na hujipanga zenyewe hadi zitulie, wala hazisambai sawasawa kama ganda la Newton. Priestley alipata jibu sahihi kwa kufananisha vitu viwili visivyofanana kikamilifu.

Aliyeziba nyufa hizo ni Henry Cavendish, mtu mkimya kupita kiasi, katika jaribio alilolifanya London mnamo 1772 na 1773. Alichukua tufe lenye kipenyo cha inchi 12 na sehemu ya kumi, akalizungushia nusu-tufe mbili za karatasi ngumu zilizofunikwa kwa bati jembamba, bila kugusana nalo isipokuwa kwa waya mwembamba. Alitia umeme kwenye ganda la nje, akauondoa waya, akazifungua nusu-tufe, kisha akalipima tufe la ndani kwa vijipira vyepesi vilivyoning'inizwa kwa nyuzi. Havikutengana. Tufe la ndani halikuwa na chaji ambayo yeye angeweza kuiona.

Kilichomtofautisha Cavendish na waliomtangulia ni kwamba alijua kwa nini alichagua tufe. Alihitaji umbo ambalo usambaaji wa chaji juu yake ungejulikana bila kupimwa, ili hesabu iwezekane. Kwa umbo hilo alionyesha kuwa, kama nguvu ingepungua kwa haraka zaidi au polepole zaidi ya kipeo cha pili, chaji ingehama kupitia waya na tufe la ndani lisingebaki tupu. Kisha akauliza swali la mtu makini: vijipira vyangu vingeweza kunidanganya kwa kiasi gani? Akahitimisha kwamba kipeo hakiwezi kutofautiana na 2 kwa zaidi ya moja ya hamsini. Charles-Augustin de Coulomb, ambaye kanuni hii ilipewa jina lake, aliipima moja kwa moja kwa mizani ya msokoto mwaka 1785. Lakini Cavendish hakuchapisha. Karatasi zake zilikaa zaidi ya karne moja hadi James Clerk Maxwell alipozihariri na kuzitoa mwaka 1879, baada ya jaribio lenyewe kurudiwa katika maabara ya Cambridge na kupata kwamba tofauti na 2, kama ipo, haizidi moja ya 21,600. Mwaka 1971 Williams, Faller na Hill walilirudia kwa vifaa vya kisasa, wakaisukuma tofauti hiyo hadi sehemu chache tu katika 10,000,000,000,000,000. Katika marudio yote hayo wazo la Cavendish ni lilelile: kutafuta kisichokuwepo ndani ya kitu kilichozingirwa.

Kwa hiyo ulinganifu haukuingia katika umeme kama njia ya mkato kwa wanafunzi wavivu. Uliingia kama chombo cha upimaji, tena chenye usahihi kuliko mizani.

3.0 Neno lenyewe

Neno la Kigiriki ambalo lugha za Ulaya zililirithi lilimaanisha kupimika pamoja. Vitruvius, msanifu majengo wa Roma, alilitumia kwa maana ya uwiano mzuri kati ya sehemu za jengo na jengo zima, si kwa maana tunayoikusudia leo. Maana ya kijiometri ilipata nguvu mpya mwaka 1794, wakati Adrien-Marie Legendre alipohitaji kueleza maumbo mango mawili yaliyo sawa kwa kila kipimo lakini hayawezi kuwekwa moja mahali pa jingine, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Katika karne ya 19 wanahisabati walikwenda mbali zaidi: ulinganifu ukawa orodha ya mageuzi ambayo kitu kinaweza kufanyiwa kisha kikaonekana hakijaguswa. Tufe hugeuzwa kwa namna yoyote kuzunguka kitovu chake na hubaki tufe lilelile. Mchemraba hukubali mageuzi machache tu.

Kiswahili kimelichukua jambo hili kupitia mzizi wa kitenzi linga. Tunao lingana, linganisha, mlinganyo, ulinganisho na ulinganifu. Ni familia nzuri, lakini ina mwelekeo wake: kulingana kunahitaji wawili. Mtu hulingana na mwenziwe, nusu ya kushoto hulingana na nusu ya kulia. Kwa hiyo neno ulinganifu humpeleka msomaji kwenye kioo, kwenye uso wa mtu au jani lililokunjwa katikati. Haliko tayari kumpeleka kwenye mzunguko, na halimpeleki kabisa kwenye waya unaosogezwa kwa urefu wake ukabaki kama ulivyokuwa. Katika fizikia kitu hulingana na nafsi yake, kabla na baada ya kugeuzwa.

Hata hivyo si kweli kuwa fikra hiyo ni ngeni pwani. Tuutazame ubao wa bao la kiswahili: mashimo 32, safu nne za mashimo manane, safu mbili za kila mchezaji. Shimo liitwalo nyumba limo katika safu ya mbele, la nne kutoka mkono wa kulia wa mwenyewe. Tukiweka kioo katikati ya ubao, kati ya wachezaji, nyumba ya huyu haitaangukia nyumba ya yule. Zitapishana kwa shimo moja. Lakini tukiuzungusha ubao nusu mzunguko, kila shimo litakaa mahali pa mwenzake na nyumba itakaa mahali pa nyumba. Ubao huo, basi, una ulinganifu wa mzunguko pasipo wa kioo, na kila mchezaji anajua, pasipo kuambiwa, kwamba hakuna upande wenye faida ya nafasi. Aliyelielewa hilo amekwisha kuishika nusu ya hoja tunayoizungumzia. Vivyo hivyo tarbia yenye mizani nane kwa nane: ukihamisha jicho kutoka ubeti hadi ubeti, muundo wa vina na mizani haukuonyeshi umefika wapi. Huo ni ulinganifu wa kusogea.

Kuhusu uga, neno tunalolitumia kwa eneo ambamo nguvu ya umeme au sumaku inafanya kazi, tuna bahati. Uga ni mahali pa wazi katikati ya makazi, na picha hiyo ya nafasi iliyo tayari kabla ya mtu kuingia inakaribia sana kile alichokuwa nacho Faraday akilini.

4.0 Faraday, Gauss, na swali la kanuni au theoremu

Michael Faraday alianza maisha kama mwanagenzi wa mjalidi wa vitabu, na hisabati yake haikuvuka hesabu za kawaida. Alifikiri kwa picha na kwa maneno, na alijua thamani ya maneno. Mwaka 1834 alimwandikia William Whewell wa Cambridge kumwomba msaada wa istilahi, na mazungumzo yao ndiyo yaliyotupa anodi, kathodi na ioni. Tunalitaja hili kwa makusudi: mmoja wa wanafizikia wakubwa wa majaribio aliona kuwa kutafuta neno ni sehemu ya utafiti wenyewe, wala si kazi ya kuachiwa wengine baadaye.

Faraday aliona nafasi iliyozunguka chaji imejaa mistari ya nguvu inayoanzia kwenye chaji chanya na kuishia kwenye chaji hasi. Mwaka 1836 alijenga chumba cha futi 12 kila upande, akakifunika kwa waya na bati, akakitia umeme hadi cheche zikatoka nje, naye akiwa ndani na vipima-umeme vyake haoni chochote. Mwaka 1843 alionyesha, kwa ndoo ya metali, kuwa chaji inayoteremshwa ndani huibua nje kiasi kilekile, popote inapowekwa ndani. Mistari haipotei njiani; idadi yake inategemea tu chaji iliyozingirwa.

Sentensi hiyo ya mwisho, ikiandikwa kwa hisabati, ndiyo kauli inayobeba jina la Carl Friedrich Gauss. Gauss alikuwa ameshughulikia hesabu za aina hii mwaka 1813, alipokuwa akitafuta mvutano wa maumbo ya duaradufu, kisha akairudia kwa upana mwishoni mwa miaka ya 1830 kwa nguvu zote zinazofuata kipeo cha pili. Jumla ya uga unaopita katika uso wowote uliofungwa, yaani fluksi, ni sawa na chaji iliyo ndani ikigawanywa kwa kigezo kisichobadilika, ε₀. Maxwell ndiye aliyeonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1873 kwamba picha za Faraday na milinganyo ya wanahisabati vilikuwa vinasema jambo moja.

Sasa angalia tofauti iliyomo katika eneo letu. Aliyesoma kwa Kifaransa katika Burundi au Kongo huiita kauli hii theoremu ya Gauss. Aliyesoma kwa Kiingereza katika Uganda, Kenya au Tanzania huiita kanuni ya Gauss. Si tofauti ya mapambo. Theoremu huthibitishwa kutokana na jambo jingine. Kanuni hukubaliwa kwa ushahidi wa maumbile. Ukianza na Coulomb na chaji zilizotulia, kauli ya Gauss ni theoremu, na Mfaransa yuko sahihi. Ukianza na Maxwell, kauli ya Gauss inasimama peke yake na inashika hata chaji zinapokimbia, wakati kanuni ya Coulomb haishiki tena. Hapo Mwingereza ana hoja. Rwanda, iliyohama kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza shuleni katika mwongo wa kwanza wa karne hii na kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, ina walimu wa mapokeo yote mawili katika chumba kimoja cha walimu. Kamati ya istilahi itakayokaa kusanifisha jina hili italazimika kuamua pia somo linaanzia wapi. Mwandishi wa makala haya anapendelea kanuni, kwa kuwa ndiyo inayobaki mwanafunzi anapoendelea mbele, lakini si upendeleo wa kufa nao.

5.0 Curie anaweka masharti

Hadi hapa wote tuliowataja waliutumia ulinganifu bila kuutungia sheria. Pierre Curie, aliyekuwa ameanza na fuwele (yeye na kaka yake Jacques waligundua mwaka 1880 kuwa baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme), alichapisha mwaka 1894 makala kuhusu ulinganifu katika matukio ya fizikia. Alisema kwamba ulinganifu uliomo katika visababishi lazima uonekane katika matokeo, na kwamba kasoro yoyote ya ulinganifu inayoonekana katika matokeo lazima iwe na chanzo chake katika visababishi. Kinyume chake si lazima: matokeo yanaweza kuwa na ulinganifu mwingi kuliko chanzo.

Umuhimu wa Curie kwa mwalimu wa mwaka wa kwanza ni onyo moja. Uga wa umeme na uga wa sumaku havikitii kioo kwa namna moja. Uga wa umeme una ulinganifu wa pia iliyokatwa ncha: una mbele na nyuma, na kioo kilichowekwa sambamba nao hakiubadili. Uga wa sumaku una ulinganifu wa silinda inayozunguka: kioo kilichowekwa sambamba nao huugeuza. Mwanafunzi aliyefundishwa hoja ya kioo kwa waya wenye chaji, kisha akaihamishia kwenye waya wenye mkondo bila kufikiri, atathibitisha kwa mantiki safi kuwa uga wa sumaku unaelekea nje kutoka kwenye waya. Ukweli ni kwamba unauzunguka waya.

6.0 Hoja ikisemwa kwa Kiswahili

Tuichukue hoja ya waya, tuiseme yote. Waya ni mrefu kiasi kwamba ncha zake hazihesabiki, na chaji imesambaa juu yake kwa kiasi λ kwa kila mita. Tunataka uga katika nukta iliyo umbali r kutoka kwenye waya.

Chora mstari kutoka kwenye waya hadi kwenye nukta, uukute waya kwa pembe mraba. Sasa upindue waya nusu mzunguko, mstari huo ukiwa ndio mhimili, ili ncha ya kushoto iende kulia na ya kulia ije kushoto. Waya uliopinduliwa hautofautiki na wa awali. Kama chanzo hakikubadilika, uga nao haukubadilika. Lakini kama uga ungekuwa umeinama hata kidogo kuelekea kushoto, baada ya kupindua ungeinama kulia. Na kama ungekuwa umepinda kuuzunguka waya upande mmoja, sasa ungepinda upande wa pili. Uga hauwezi kuwa umebadilika na haujabadilika kwa wakati mmoja. Basi haukuinama wala haukupinda: unafuata mstari ule tuliouchora, na hauna njia nyingine.

Tumefika nusu. Zungusha waya kwenye mhimili wake wenyewe: hautofautiki, kwa hiyo ukubwa wa uga ni uleule pande zote kwa umbali r. Usogeze kwa urefu wake: hautofautiki, kwa hiyo ukubwa ni uleule mbele na nyuma. Sasa zingira kipande cha waya chenye urefu L kwa silinda ya nusu kipenyo r. Kwenye vifuniko viwili uga unateleza juu ya uso bila kuupenya. Kwenye ukuta unapenya kwa pembe mraba, kwa ukubwa E mahali pote. Eneo la ukuta ni 2πrL. Chaji iliyozingirwa ni λL. Kwa kanuni ya Gauss, E × 2πrL = λL/ε₀, na hivyo E = λ/(2πε₀r). Hesabu yote ni mstari mmoja; mengine yote yalikuwa Kiswahili.

Tumechagua kupindua badala ya kuakisi kwa sababu ya onyo la Curie. Ukipindua waya wenye mkondo, mkondo unageuka kwenda kinyume, na hivyo waya unatofautika; hoja inajifunga mlango yenyewe kabla ya kumpotosha mtu.

Mwanaisimu ataona mambo mawili katika aya hizo. La kwanza ni kwamba kazi imefanywa na vitenzi: pindua, zungusha, sogeza, zingira, tofautika. Nomino ulinganifu haikuhitajika hata mara moja. La pili ni kwamba kiungo cha hoja kimo katika kiambishi -nge-, yaani dhana inayowekwa ili ikataliwe. Kiswahili kinalo jambo hili ndani ya kitenzi chenyewe, wazi, na mtoto hulijua kabla ya kuingia darasa la kwanza. Mwanafunzi anayelazimika kuitunga dhana ya namna hiyo katika lugha anayoiogopa huacha kuitunga. Huandika kwamba ni kwa sababu ya ulinganifu, na msahihishaji humpa alama.

Kazi ya istilahi katika eneo hili ina umri. Kamati ya Lugha ya maeneo manne ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Tanzania ilifundisha shule za msingi kwa Kiswahili kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, na Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982 ilipendekeza lugha hiyo iendelee sekondari, pendekezo ambalo halikutekelezwa. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikikubali Kiswahili mwaka 2021 kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Jumuiya. Katika mlolongo huo wote mali iliyokusanywa ni majina ya vitu. Kamusi ya mwaka 1990 ni hazina, na hatuna nia ya kuipunguza. Lakini kamusi haina mahali pa kuweka hoja. Mshauri wa sera anayeuliza iwapo Kiswahili kina maneno ya kutosha kufundisha fizikia anauliza swali lililokwisha kujibiwa. La kuuliza ni nani ameandika kurasa ngapi za hoja kamili, na mwalimu wa Gitega au Goma atazipata wapi.

Tutoe mfano wa ukurasa wa namna hiyo, wa swali ambalo huwatesa wanafunzi katika lugha zote. Chaji q imewekwa kwenye kona ya mchemraba. Ni fluksi kiasi gani inapita katika uso mmoja usioigusa kona hiyo? Mwenye kujumlisha ataanza na kazi ya saa nzima. Mwenye kugeuza atasema hivi. Mchemraba mmoja hauizingiri chaji. Ongeza mingine saba ya ukubwa uleule, mpaka chaji iwe katikati ya mchemraba mkubwa. Hakuna mmoja kati ya minane ulio na haki zaidi ya wengine, kwa hiyo kila mmoja unapata q/8ε₀. Nyuso tatu za mchemraba wetu zinaigusa chaji. Uga unateleza juu yake bila kuzipenya, kwa hiyo hazipati kitu. Zimebaki tatu. Shika mchemraba kwa kona yenye chaji na kona iliyo mkabala nayo, uuzungushe theluthi ya mzunguko: uso wa kwanza unakaa mahali pa wa pili, wa pili mahali pa wa tatu, na chaji haijasogea. Basi tatu hizo zinagawana sawa, na kila moja inapata q/24ε₀.